Mtoto Wetu Amefika Universite: Nani Atamtunza?

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha hapa Kirungu, watu huja kubisha hodi kwangu wakati wa jioni. Wanaleta kuku, au karanga katika kikapu, na nyuma yao anasimama kijana mwenye viatu vipya. Najua mara moja ni shauri gani. Kijana ameshinda egzamini ya Serikali, jamaa wamekusanya fedha, naye anakwenda chuo kikuu. Wanakuja kwangu kwa kuwa mimi ni mwalimu mzee, tena nilikuwa mmoja wa vijana wachache wa mtaa wetu waliokwenda kusoma mbali siku zile. Wanataka niseme neno la shauri, kisha tule kuku pamoja.

Mwaka uliopita aliyekuja ni shemeji yangu, pamoja na binti yake, mtoto wa dada yangu. Shemeji ni mvuvi pale bandarini Moba. Alikuwa ameuza nyavu zake mbili nzuri ili alipe minervali. Akatoa karatasi ya benki mfukoni, akaikunjua polepole kama mtu anayefungua barua ya Askofu, akanionyesha muhuri.

"Shemeji," akasema, "minervali imelipwa. Sasa hakuna kitu kinachobaki, sivyo? Yeye asome tu."

Nikamjibu, "Shemeji, kinachobaki ni kikubwa kuliko kilicholipwa."

Hakupenda jibu langu, nikaona. Mtu aliyeuza nyavu zake hataki kusikia maneno ya namna hiyo. Lakini sikuweza kumweleza vizuri pasipo kusimulia kwanza jambo moja ambalo sikuwa nimelisema mbele ya watu wa nyumbani mwangu kwa miaka mingi. Nililisema usiku ule. Sasa naliandika hapa, kwa kuwa najua wasomaji wengi wa gazeti hili wana watoto katika vyuo vikuu, au watakuwa nao.

Mimi nilitoka nyumbani mwaka 1985. Tulikwenda kwa boti mpaka Kalemie, kisha kwa gari la moshi kupitia Nyunzu na Kabalo, kisha mbele zaidi. Mji sitautaja, wala chuo, kwani taabu niliyoiona pale ilikuwa pia katika miji mingine ya nchi yetu wakati ule, na si haki kumtwika mmoja mzigo wa wengi. Nilikuwa na gunia la ndagala, unga wa mihogo, mashuka mawili, na godoro la sifongo lililofungwa kwa kamba. Mama alikuwa ameshona fedha ndani ya koti langu. Koti lenyewe lilikuwa zito, na jua la mji ule lilikuwa kali, lakini sikulivua siku tatu.

Siku ya kuandikwa tulipanga mstari mbele ya ofisi ya apariteri tangu alfajiri. Karani akaniuliza, "Homu yako ni ipi?" Nikamwuliza, "Homu ni nini, Baba?" Mstari mzima ukacheka. Kumbe homu ni nyumba ya kulala wanafunzi. Na vitanda vilikuwa vimekwisha, tena vilikwisha kabla sijapanda boti. Nikasimama nje na gunia langu la ndagala, harufu yake ikitangaza kabila langu kwa kila aliyepita. Kwa bahati njema harufu hiyo ndiyo iliyoniokoa. Mwanafunzi mmoja wa zamani, mtu wa pande za ziwa, aliinusa, akanijia, akasema, "Wewe ni wa kwetu. Njoo."

Hivyo nikawa makizari. Jina hili linajulikana katika vyuo vyetu vikuu hata leo. Ni mwanafunzi anayelala katika chumba cha mwenzake bila kuandikwa. Neno limetoka katika habari za watu waliojificha porini wakati wa vita, nasi kweli tulijificha. Chumba kilijengwa kwa watu wawili, tulilala sita. Wenye kuandikwa walilala vitandani. Sisi makizari tulilala chini, na walinzi walipopita usiku na tochi, tulitoka kwa dirisha, tukangoja nyuma ya nyumba katika majani yenye umande.

Chini ya meza ndipo palipokuwa mahali pangu, na mahali hapo nilipashiriki na kijana mmoja wa Manono. Godoro lilikuwa langu, blanketi lilikuwa lake. Alisoma hesabu. Sijaona tena mtu mwenye akili ya namna ile. Hakuwa na daftari za kutosha, akaandika hesabu zake nyuma ya karatasi za mifuko ya saruji, ambazo aliziokota mahali pa wajenzi na kuzikunja vizuri. Mimi nilisoma historia, lakini ilinipasa kufanya pia mtihani wa takwimu, na bila yeye ningaliushindwa. Alikula mara moja kwa siku: bugali, na sombe kama ilipatikana. Ndagala zangu tulizila pamoja mpaka mwisho wa mwezi wa Novemba.

Mwezi huo huo akaanza kukohoa.

Bursi ya Serikali tuliyoingojea haikuja. Watu walisema itakuja Desemba, wengine wakasema baada ya Noeli. Siku moja nikaamua kwenda katika ofisi inayoshughulika na maisha ya wanafunzi. Kila chuo kikuu cha nchi yetu kinayo, kwa Kifaransa inaitwa œuvres estudiantines. Sisi wapya tuliiogopa. Wanafunzi wa zamani walikuwa wameipa jina la dharau, wakiiita "Kilio", na kusema kwamba anayeingia kule jina lake huandikwa katika kitabu cha maskini, na rekta hukisoma. Huo ulikuwa uongo mtupu, lakini mtoto aliyetoka mbali ataujuaje uongo wa mji?

Nikaingia. Nikamkuta mama mmoja, msaidizi wa jamii, mwenye miwani na sauti ya chini. Hakuniuliza karatasi kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, unakula nini? Unalala wapi?" Kwa swali la kwanza nilisema kweli. Kwa swali la pili nilidanganya, nikasema nalala kwa mjomba mjini. Akanipa tikiti za chakula za majuma mawili katika restora ya chuo, ambayo siku nyingine ilipika, siku nyingine haikupika. Akanipa pia karatasi ya dispensari yenye muhuri, akasema, "Ukiugua, usingoje. Peleka hii, watakutazama bure." Kisha, nilipokuwa tayari nimeshika mlango, akaniuliza: "Huna mwenzako mwenye taabu kuliko wewe? Mlete."

Nikamkumbuka kijana wa Manono na kikohozi chake. Halafu nikakumbuka chumba. Nikafikiri: akiandika jina lake, atamwuliza analala wapi, naye hajui kusema uongo, watakuja na tochi, na sote sita tutatupwa nje. Hayo yote niliyafikiri kwa muda wa kufungua mlango.

Nikasema, "Hapana, Mama. Hakuna."

Tikiti zile tuligawana. Nilimwambia nimepewa na mtu wa kwetu. Aliendelea kukohoa, na usiku shuka lilikuwa linalowa jasho. Mwezi wa Machi akafunga karatasi zake za saruji kwa kamba, akaniambia anakwenda kupumzika kwao, atarudi kwa mitihani ya mara ya pili. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Alikuwa mwepesi sana. Kifurushi chake nilikibeba mimi, naye akachoka kwa kutembea tu. Hakurudi.

Mwaka 1994 nilishuka Kabalo kungoja gari la moshi, ambalo kama kawaida lilichelewa. Karibu na kituo alikuwapo mtu akitengeneza redio chini ya mwembe. Nikamtambua kwa mikono yake, namna alivyopanga vyuma vidogo vidogo mstari mmoja. Ndiye. Ilikuwa kifua kikuu. Masista wa hospitali ya kwao walimtibu muda mrefu, akapona, lakini pafu moja liliharibika. Wakati ule baba yake alikuwa amekufa, na fedha ya kurudi shuleni haikuwapo. Alikuwa akifundisha hesabu katika shule ya msingi, na baada ya masomo alitengeneza redio.

Nikamweleza yote: ofisi, yule mama, swali lake, jibu langu. Nilitazamia atakasirika. Akacheka kidogo, akakohoa, akasema:

"Ndugu, mimi nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ile mara tatu. Nilisikia watu wanaongea ndani, nikarudi. Ungaliniambia tu kwamba yule mama ana sauti ya chini."

Hayo ndiyo niliyomsimulia shemeji yangu usiku ule. Kuku alikuwa amekwisha kupoa.

Sasa, wasomaji wapenzi, mtauliza: je, ni kazi ya chuo kikuu kulisha watu na kuwatafutia vitanda? Chuo si kwa ajili ya kufundisha? Nami nilifikiri hivyo zamani. Lakini ukitazama habari za kale utaona kwamba kitanda na chakula vilikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1257 huko Paris, padri Robert de Sorbon, mtoto wa watu maskini wa shamba, alianzisha nyumba kwa ajili ya wanafunzi maskini wa teolojia, wapate kukaa na kusoma. Nyumba ile ndiyo iliyokuza jina la Sorbonne, ambalo watu wote wa elimu wanalijua. Jina kubwa hivi lilianza kwa shauri la maskini na mahali pao pa kulala!

Hapa kwetu pia. Lovanium ilipofunguliwa mwaka 1954 juu ya mlima Amba, karibu na Léopoldville, wanafunzi hawakuachwa watafute nyumba mjini. Walijengewa vyumba vya kulala na mahali pa kula, na baadaye hospitali ya chuo. Mwaka 1956 ukafunguliwa Universite ya Serikali huko Elisabethville, na mwaka 1963 ile ya Waprotestanti huko Stanleyville. Wazee wengine wakisimulia siku zile za Lovanium, utafikiri wanasimulia paradiso. Mimi nawaambia: ndiyo, lakini mlikuwa wangapi? Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, wenye diplomi ya universite katika nchi nzima hawakufika 30. Si shida kuwapikia watu wachache namna hiyo.

Wala paradiso haikudumu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walitoka njiani Kinshasa. Mojawapo ya mambo waliyoyadai lilikuwa bursi. Askari waliwapiga risasi, vijana wakafa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, wanafunzi wa Lovanium wakatiwa jeshini, na vyuo vikuu vyote vitatu vikafanywa chuo kimoja cha Serikali, mpaka vilipotengwa tena mwaka 1981. Nayakumbusha haya kwa kuwa vijana wa leo wanafikiri bursi ilikuwa zawadi ya wakubwa. Sivyo. Watu walikufa kwa ajili yake, kisha katika miaka ya 1990, nchi ilipoanguka, ikafifia hivi hivi, bila hata mtu kutangaza kifo chake. Tangu hapo mzazi analipa minervali, analipa nyumba, analipa chakula, analipa sillabusi, na mara nyingi anasaidia pia kumlipa profesa.

Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, na jambo hili limewachanganya wazazi wengine. Wanadhani ubure huo utapanda ngazi pamoja na mtoto mpaka juu. Haupandi.

Basi mpwa wangu akaniuliza, na swali lake lilikuwa zuri kuliko la baba yake: "Mjomba, sasa nifanye nini nikifika?"

Nikamwambia: siku ya kwanza, kabla hujatafuta duka la mkate, tafuta ofisi ile. Ingia ukiwa bado una nguvu na nguo safi. Sema jina lako, uliza nani anashughulika na wanafunzi wapya, uliza homu, uliza dispensari iko wapi na inafunguliwa saa ngapi, uliza kama kuna kazi ndogo ndogo za kusaidia katika maktaba au mahali pengine. Pengine watakuambia hakuna kitu. Mara nyingi kweli hakuna kitu, kwa maana ofisi hizi hazina fedha, na mimi siwezi kumdanganya mtoto. Lakini umekwisha kuujua mlango, na aliye ndani amekwisha kuujua uso wako. Siku utakayokuja na homa, hutaanza kueleza wewe ni nani.

Kuhusu masomo yenyewe sikuwa na mengi ya kumfundisha. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika utaratibu mpya, wa lisansi, masta na doktora. Mwaka mmoja unahesabiwa kuwa mikopo 60 ya masomo, na lisansi ni mikopo 180 kwa miaka mitatu. Nilijaribu kumweleza, akanisahihisha mara mbili. Baba yake aliposikia neno "mikopo" alishtuka, akafikiri kuna deni jingine. Tulicheka sana. Lakini yafaa wazazi wajue: katika utaratibu huu mtoto anaweza kufaulu masomo haya na kubaki na deni la somo lile, na kama hakuna mtu wa kumwongoza, atafika mwaka wa tatu akiburuta masomo ya mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu mshauri wa masomo ni mtu wa kutafutwa mapema, kabla ya matokeo kubandikwa ukutani.

Halafu binti akanyamaza kidogo, akauliza bila kumtazama baba yake: "Na asistanti akiniita nyumbani kwake?"

Shemeji akatazama miguu yake. Mama yake, dada yangu, aliyekuwa akiosha sahani, akaacha kuosha.

Tusijifanye hatujui. Wako waalimu wanaouza alama kwa njia hii, na wanafunzi wana jina lao la mzaha kwa alama hizo, jina ambalo sitaliandika hapa. Nikamwambia: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu mtu anayetumia cheo chake kumsumbua mwanamke kwa namna hiyo. Usiende peke yako nyumbani kwa mtu. Maneno atakayokuandikia katika simu usiyafute. Na usimwambie mtu mmoja tu, waambie watatu: yule mama wa ofisi, padri au sista wa wanafunzi, na mmoja wa wakubwa wa fakulte. Kwa nini watatu? Kwa sababu mmoja anaweza kuogopa, na wa pili anaweza kuwa rafiki wa yule mwovu. Sikupenda kumfundisha mtoto hesabu ya namna hii, lakini ni hesabu ya kweli. Dada yangu akasema, "Na wa nne ni mimi." Akaendelea kuosha sahani.

Nilimwambia pia habari za chama cha wanafunzi wa kwetu, mutuelle kama wanavyoiita. Hapo moyo wangu umegawanyika. Kwa upande mmoja, bila watu wa ziwa mimi ningalilala nje. Chama kinachanga fedha kila mwezi. Mmoja akifiwa, wanamlipia safari. Wakubwa wanawafundisha wadogo usiku. Sillabusi za mwaka jana hazitupwi, zinapokezanywa. Ni msaada mwepesi kuliko wote, kwa kuwa mwenye kukusaidia anasema lugha ya mama yako, naye hahitaji muhuri. Watoto wengi wa Kongo wamepata diplomi kwa njia hii kuliko kwa njia ya ofisi yo yote.

Kwa upande wa pili, nimeona vyama hivi vikiwa ukuta. Wanapigania uraisi wa chama kama ng'ombe wanavyopigania maji, wanakula mchango, na mtoto wa kabila jingine akianguka mlangoni wanauliza kwanza ni wa wapi. Sisi watu wa Katanga tunaikumbuka miaka ya 1992 na 1993, jirani zetu wa Kasai walipofukuzwa na kulala katika vituo vya gari la moshi. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo wanafunzi na waalimu. Nikamwambia mpwa wangu: ingia katika chama, toa mchango wako, lakini kijana wa Manono hakuwa wa kabila langu, na alinifundisha takwimu.

Mambo mengine tuliyapita upesi. Siku hizi baba anaweza kutuma fedha kwa simu akiwa ufukweni, na binti akaipata kabla boti halijarudi. Wakati wetu fedha ilitumwa na mtu, na mtu yule njiani alikuwa na njaa yake. Vitabu vingi vinasomwa katika simu, mradi kuna umeme. Na umeme ukikosekana, mara nyingi pahali penye taa ni ukumbi wa aumônerie, nyumba ya padri wa wanafunzi. Utawakuta pale vijana wa dini zote wamejaa mpaka sakafuni, kila mmoja na karatasi zake, na padri hamwulizi mtu cheti cha ubatizo. Anaomba tu wazime taa wakitoka.

Juu ya afya nilitaka kusema zaidi, kwa sababu mnazozijua. Kifua kikuu cha kawaida leo hutibiwa kwa miezi 6, na dawa zake hutolewa bure. Mtu akikohoa majuma mawili, apimwe. Lakini liko gonjwa jingine ambalo wakati wetu hatukuwa na jina lake, tuliliita "mawazo". Mwanafunzi anaacha kutoka, anaacha kuoga, anasema kichwa kimejaa. Wenzake wanasema amerogwa, au wanasema ni mvivu. Nchi yetu ina watu waliosomea mambo ya nafsi. Tangu mwaka 1971 elimu hiyo ilipewa nafasi yake Kisangani. Mimi nashangaa: tunawafundisha watu hawa, tunawapa diplomi, halafu katika homu ambamo vijana wanalia usiku hawapewi hata chumba kimoja chenye meza na viti viwili! Viti viwili vinagharimu nini?

Shemeji alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akauliza, "Yule mama wa miwani, yu hai?" Nikasema sijui. Kabla sijamaliza mwaka wa tatu alihamishwa, na mahali pake akaketi bwana aliyependa sana karatasi.

Binti aliondoka siku ya Jumanne. Tulishuka wote mpaka bandarini Moba. Ziwa lilikuwa na mawimbi kidogo, na mwenye boti aligombana na watu juu ya mizigo, kama desturi. Dada yangu alikuwa amemfungia ndagala gunia zima. Nilitaka kumwambia apunguze, nikakumbuka kazi iliyofanywa na harufu ile, nikanyamaza. Nikampa binti daftari ndogo yenye majina ya ofisi nilizomtajia. Karatasi ya kwanza niliiacha tupu, nikamwambia aandike pale jina la mtu wa kwanza atakayemwonea huruma.

Baada ya majuma matatu akaniandikia katika simu. Homu haikupatikana, anakaa mjini na wasichana watatu katika chumba kimoja cha kupanga. Alikwenda ofisini siku ya kwanza, kama nilivyomwambia. Aliambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi akarudi, mwenye ofisi hakuwapo. Akarudi Jumatatu, akamkuta. Hakupewa kitu, ila jina lake liliandikwa, akaonyeshwa dispensari.

Nikamwandikia kumwuliza kama atarudi tena kule. Jibu likaja usiku, umeme wao ulipowaka:

"Ndiyo, Mjomba. Kesho asubuhi. Mwenzangu mmoja wa chumbani hajala tangu juzi, naye anaona haya kuingia. Nitaingia mimi kwanza."

Nikamsomea mama yake ujumbe ule. Alinyoosha mkono, akaichukua simu, akausoma mwenyewe mara ya pili, kisha akaniuliza kama yule msichana mwingine ana mama, na ni wa wapi, ili siku ya boti atie ndagala za watu wawili.